Uji Ulioungua

Kila asubuhi kabla ya shule, Modesta alimpikia bibi yake, Bibi Coleta, uji wa ulezi. Waliishi wawili tu mjini Sumbawanga, wakilala chumba kimoja. Ijumaa hiyo ya Agosti 2021 Modesta alikuwa ameinamia sufuria, akili yote iko kwenye gauni jeupe la kipaimara ambacho askofu angekuja kukitoa Jumapili, bibi alipopaza sauti kutoka uani.

"We Modesta! Uji unaungua! Pua umemwazima nani?"

Modesta akanusa. Akanusa kitunguu, akanusa sabuni, wapi! Redioni walikwisha kusema kwamba hiyo ni dalili ya korona. Akisema, kipaimara hakuna. Asiposema, atamwambukiza bibi, naye ana pumu.

Akajifungia chumbani akisingizia kusomea mtihani. Kutwa nzima bibi aligonga.

"Fungua, mama, tusali rozari. Haya, fungua basi ule."

Gauni lilining'inia ukutani, na kila alipolitazama aliona chumba kinazidi kuwa kidogo. Jioni bibi akausukuma mlango, komeo likaanza kulegea. Modesta akauegemea kwa mgongo huku akilia.

"Usiingie, Bibi! Sisikii harufu. Nadhani nina korona!"

Bibi akampigia simu binti yake Angela, muuguzi, ambaye alifika na barakoa na kipimo. Kweli, Modesta alikuwa nayo.

"Ndiyo maana nilikwambia uchanjwe, Mama," Angela alisema.

"Nichomwe hivyo virusi? Sitaki!"

Angela akabandua mashonanguo, zile mbegu za magugu zinazonasa nguoni, kwenye sweta la bibi.

"Tazama. Haya yameng'ang'ania sweta kwa vijino vyake, lakini kwenye koti la mvua yanateleza. Kirusi nacho kina miiba, na chembe hai za mapafu zina mahali mwiba unaposhika. Wanasayansi wameuchunguza mshiko huo. Chanjo inaufundisha mwili kuuziba mwiba kabla haujashika, na wengine wanatafuta dawa za kuuzuia. Chanjo haikuletei korona, Mama. Inakupunguzia hatari ya kuzidiwa."

Bibi akachukua mkeka wake, akahamia kulala jikoni.

Jumapili ngoma za kanisani zilisikika mpaka chumbani. Modesta alilia kwa kwikwi.

Wiki mbili baadaye mlango ulikuwa wazi. Bibi, mzima kabisa, alirudi kutoka zahanati na kadi ya chanjo, akamkuta Modesta akilikunja gauni kwa huzuni.

"Ulisema kweli ingawa ilikuumiza, na ugonjwa unatakiwa usemwe mapema," bibi alisema. "Askofu atarudi mwakani, mjukuu wangu. Je, mimi ningeondoka duniani, ningerudi?"