Nyuma ya Kochi la Elisapi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ulaayu alikuwa na kazi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuisahihisha. Alikunja magodoro, akavuta kochi, akachovya kitambaa kwenye maji ya klorini na kusugua ukuta. Kuvu nyeusi ilitoka, ukuta ukawa mweupe, vidole vikamwasha. Kabla ya wiki kwisha kuvu ilikuwa imerudi palepale, imetulia kama mwenye nyumba. Ulaayu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa amechoka kama mtu mzima.

Hapa Sanirluk, kaskazini ya mbali ya Kanada, karibu nyumba zote ni za serikali. Zilijengwa na watu wa kusini waliopima kila kitu isipokuwa baridi. Tunafunga madirisha tusigande. Ndani tunapika, tunafua, tunapumua, familia nzima katika vyumba viwili, na mvuke wote huo unakwenda kukaa ukutani. Mimi niliendesha lori la kugawa maji nyumba kwa nyumba mpaka nikastaafu, kwa hiyo madirisha ya watu nayajua. Kuna jirani ambaye dirisha lake lilitoa jasho jingi hata akatega ndoano chini yake. Simtaji jina, lakini samaki nilionjeshwa, na alikuwa mtamu.

Kikohozi cha Mosesi, hata hivyo, hakikuwa cha utani. Huyu alikuwa mdogo wake Ulaayu, mtoto wa miaka minne, na godoro lake ndilo lililogusa ukuta. Majira ya baridi yale ndege ya wagonjwa ilikwisha kumpeleka hospitali ya kusini zaidi ya mara moja. Alirudi mzima, amenenepa kidogo, akalazwa kwenye godoro lilelile, akaanza upya. Muuguzi wa zahanati alimwambia mama yao, Elisapi, kwamba dawa haiwezi kushindana na ukuta.

Fedha za kutengeneza nyumba tulikuwa tukiziomba kila mwaka. Kila mwaka tuliambiwa zitapewa nyumba ambazo mkaguzi ataziona kwa macho yake kuwa ni mbovu. Mbao zetu huletwa na meli, na meli hufika mara moja tu, barafu ya baharini ikiyeyuka. Nyumba isiyoandikwa kabla meli haijapakiwa hungoja mwaka mwingine. Ya kina Ulaayu ilikuwa imengoja mpaka ikazoea.

Siku moja Josipi, mtu wa ofisi ya nyumba, akatangaza kwenye redio ya kijiji, ile isiyozimwa katika jiko lolote. Alisema mkaguzi anafika kesho, apokewe vizuri, nyumba ziwe safi, tusiaibishane. Akaongeza kwamba aliyepoteza glavu moja ya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini tunayemwinda, aifuate ofisini.

Kijiji kizima kikanuka klorini. Zamani mkaguzi mmoja aliwahi kusema kuvu ni uchafu wa wenyeji wenyewe, na neno lile lilikuwa bado limetukaa kooni. Elisapi alisugua ukuta, akapaka rangi iliyobaki kwenye kopo, akasukuma kochi mpaka likabana kabisa, kisha akatundika blanketi juu yake.

Ulaayu akamuuliza kama si afadhali mgeni aone.

"Mgeni haonyeshwi aibu," Elisapi akasema bila kugeuka. "Akikuuliza, sema tuko salama."

Mkaguzi alikuwa mama mpole aliyeitwa Bi. Colette, pua yake imeiva kwa baridi. Alikunywa chai, akala mkate wa kukaanga, akasifu blanketi. Chumbani Mosesi akaanza kukohoa. Elisapi akaongeza sauti ya redio.

"Mdogo wako anakohoa nini?" Bi. Colette akamuuliza Ulaayu.

Ulaayu akatazama kochi, kisha akamtazama mama yake.

"Baridi tu," akasema.

Mgeni akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulishuka, uwanja wa ndege ukapotea. Mosesi alikuwa amekohoa mpaka midomo ikageuka rangi, na Elisapi akambeba hadi zahanati. Muuguzi alisema ndege ya wagonjwa itakuja ukungu ukiondoka. Ndege ya mkaguzi nayo ilikwama kwa ukungu huohuo. Ulaayu akafanya hesabu yake njiani, akaipita shule, akaenda ofisi ya nyumba.

Ulaayu alipewa jina la marehemu mama yake Josipi, na kwetu jina halitembei peke yake, marehemu mwenyewe huja nalo. Tangu azaliwe, Josipi alimwita mama, naye akamwita Josipi mwanangu, ingawa huyo mwana alikuwa na mvi na tumbo linalotangulia kufika. Kila akiwinda sili alimpelekea nyama, kama mtoto mwema anavyomtunza mama yake.

"Mama, mbona hukwenda shule leo?" Josipi akauliza.

"Kaa chini, mwanangu."

Mafundi wawili waliokuwa wakiota moto pembeni wakacheka. "Leo unachapwa, Josipi," mmoja akasema. "Mama akinuna hivyo, chakula hakuna."

Ulaayu hakucheka. "Jana nilimdanganya mgeni. Nilisema Mosesi anakohoa kwa ajili ya baridi."

"Nani alikutuma useme hivyo?"

"Wewe. Redioni."

Josipi akajitetea kwamba alisema nyumba ziwe safi tu, hakumwambia mtu aseme uongo. Ulaayu akamwacha amalize.

"Nyama unaniletea, mwanangu, lakini unaishia mlangoni," akasema. "Hujui mama yako analala wapi."

Mafundi wakaacha kucheka. Josipi akavaa koti lake.

Nyumbani kwa Elisapi, Ulaayu na Josipi walivuta kochi wao wawili. Rangi ya juzi ilikwisha kutoka malengelenge, na weusi ulikuwa ukichungulia. Josipi akabonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa. Akakichomoa, akakitazama.

"Nimekuwa nikikulaza hapa," akasema taratibu.

Kutoka pale akaenda moja kwa moja redioni. Alisema amewaelekeza watu vibaya. Mkaguzi hajaweza kuondoka, atazunguka tena, na safari hii hahitaji chai. Watu wavute makochi na kushusha mablanketi. Mwenye la kusema apige simu.

Hakuna aliyepiga. Kijiji kizima kilikaa jikoni kikitazamana na ukuta wake. Basi nikapiga mimi. Nikasema kuvu ya kwangu imekua mpaka nimeipa jina, inaniamkia asubuhi, na ikikosa sukari kwenye chai inanuna. Watu wakacheka majumbani mwao, na baada ya kicheko aibu ikalegea. Simu zikaanza kulia mpaka mtangazaji akakosa nafasi ya kupiga wimbo.

Bi. Colette aliporudi, Elisapi alikuwa amerudi mara moja kutoka zahanati kuchukua nguo za Mosesi. Alikaa ameupa mgongo mlango, macho kwenye birika. Ulaayu ndiye aliyesema.

"Jana nilikudanganya. Si baridi. Ni hapa."

Mgeni akavua glavu, akatia mkono ukutani. Hakukasirika, ila alionekana amechoka kuliko sisi. Alisema kila kijiji humpa chai nzuri na ukuta mweupe, naye huandika alichokiona. Kisha wanaotoa fedha humwambia: nyumba ni nzima, fedha za nini? Akafungua ukurasa mwingine, akaandika upya.

Ukungu ulipoondoka, Mosesi alipelekwa hospitali. Meli ilipofika ilikuwa na mbao za kuta, sufi za kuzuia baridi na feni za kutoa mvuke. Fedha zilitosha nyumba za upande wa ufuoni tu, zikaishia kwa kina Ulaayu. Sisi wa mlimani, kuanzia nyumba yangu inayofuata, bado tunaomba, na tunaomba makochi yakiwa yamevutwa. Mosesi alilazwa kando ya ukuta mpya, na majira ya baridi yaliyofuata alisumbua jirani kwa kelele badala ya kikohozi. Jirani huyo ni mimi.

Jioni moja Elisapi alimwita bintiye.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo ule," akasema. "Nilidhani nalinda heshima yetu, kumbe nilikuwa nalinda kuvu. Kuwa msafi si kuficha. Ukiwa na shida, mwonyeshe anayeweza kuitatua, hata kama uso utawaka kwa aibu. Uso utapoa. Kifua cha mdogo wako je?"

Kochi la Elisapi halikurudi ukutani. Lipo katikati ya chumba, na kila mgeni hulijua kwa ugoko wake. Josipi siku hizi haishii mlangoni. Huingia na nyama yake, akakagua kuta zote, na kila mara hujigonga.

"Mama, turudishe hili kochi mahali pake," husema akisugua mguu.

"Liache hapohapo, mwanangu," Ulaayu humjibu. "Sugua tu, utapoa."