Unywele Ndani ya Mtutu

Unywele ulitoka ndani ya mtutu wa bunduki. Mwindaji alikuwa amekaa mlangoni anasafisha silaha yake kama kila jioni, na alipokivuta kile kitambaa chenye mafuta, kikatoka nao: mweusi, laini, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Aliuzungusha kidoleni taratibu, akautia mfukoni. Hakujua kwamba mkewe amesimama nyuma yake.

Sasa, mke huyu nywele zake zilikuwa fupi, zimejisokota, hata mtaa mzima ukamwita Kipilipili na mwenyewe akaitika. Unywele ule haukuwa wake. Hilo halikuhitaji askari wa upelelezi.

"Wa nani huo?"

"Upi?"

"Usinifanye mtoto mdogo, baba. Huo uliotia mfukoni."

"Aa! Uzi tu wa kitambaa."

Uzi! Kipilipili alirudi jikoni, masufuria yakakoma siku hiyo. Mwaka wa pili huu wa ndoa, mume hajamwita jina tamu hata moja, lakini bunduki aliiita Mwali. Mwali apakwe mafuta, Mwali asipigwe na vumbi. Kuifungia kabatini ni sheria, sawa, lakini ufunguo aliuvaa shingoni hadi bafuni.

Na bunduki yenyewe basi ingekuwa ya maana! Tangu wafunge ndoa ilikuwa haipigi sawasawa. Mwindaji aliishi kwa kuwaulia wenye mashamba nguruwe pori, na sasa nguruwe walikuwa wanaondoka zao wanatikisa mikia. Risasi ya mwisho ilitoboa tangi la maji la mwenye shamba, naye akasema waziwazi: tengeneza au nunua nyingine, la sivyo usinirudie.

"Nunua nyingine," alisema Kipilipili.

"Itatengenezwa. Mtu hatupi kitu kilichomwokoa maisha."

"Na mimi ninayekupikia kila siku, nakuokoa nini? Nguo?"

Mume alikipangusa kitako cha bunduki kwa kiganja, polepole, kutoka juu hadi chini, na Kipilipili akatazama pembeni. Mkono ule haukuwahi kumgusa hivyo.

Kesho yake magharibi, mume akiwa ametoka, Kipilipili alisikia sauti chumbani. Kwanza alidhani panya. Akasogea mlangoni, na kadiri alivyosogea ndivyo sauti ilivyojieleza, kwamba si panya wala si upepo, bali ni kitana kinachopita kwenye nywele ndefu, kinashuka taratibu bila haraka yoyote, kinafika mwisho, kinaanza tena juu, na sauti yote hiyo inatoka ndani ya kabati lililofungwa, pamoja na harufu ya udi na mafuta ya bunduki, na yeye amesimama pale mkono kinywani, mpaka kitana kikasimama, kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

Alikimbia nje, kiatu kimoja mguuni.

"Leo leo twende kwa fundi," alimwambia mumewe walipokutana njiani. "Usipokwenda, narudi kwetu."

Fundi bunduki alikuwa na jicho moja, wakamwita Chongo, na mwenyewe hujitania kwamba Mungu alimpunguzia kazi: jicho la kufumba wakati wa kulenga lilikwisha kufumbwa. Walimfikia usiku, wakalala kwake, na kulipokucha aliibana bunduki kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, mtutu ukielekea ubao wenye duara jekundu na tuta la mchanga nyuma yake, akafyatua kwa kuvuta kamba. Risasi ikatoboa ubao kushoto.

"Inavuta kushoto. Kazi ndogo hiyo."

Kipilipili alikuwa amesimama nyuma yao, upande huohuo wa kushoto. Jua lilimchoma, akahamia kivulini, upande wa kulia. Fundi akafyatua tena bila kugusa chochote. Risasi ikatoboa kulia.

Fundi Chongo akaitikisa jiliwa. Haikucheza. Akamtazama Kipilipili kwa lile jicho lake moja, muda mrefu.

"Shemeji, hebu rudi pale ulipokuwa."

Kushoto.

"Sasa ingia ndani kabisa."

Katikati ya duara.

"Haina ubovu hii," fundi alinong'ona. "Inamtafuta mkeo. Hiki kitako ni mti gani, ndugu yangu?"

Mwindaji aliinamisha kichwa. Kitako cha zamani kilivunjika porini, alisema, miaka hiyo bado kapera. Akachonga kingine kutoka mti uliosimama peke yake penye kisima kikavu, pale ambapo wawindaji wenzake hawakubali hata kupumzika. Kisha akapotea, maji yakamwishia, akaikumbatia bunduki akasema: Mwali, ukinifikisha nyumbani, sitaishi na mwanamke mwingine.

"Akakufikisha?"

"Alinifikisha."

"Ala! Mtu una mke, kumbe una wawili!" Fundi alijaribu kucheka, akashindwa. Akafungua skrubu, akakitoa kitako, akakifunga kwenye gunia. "Chuma hiki nakizuia mimi, wewe chukua bunduki nyingine. Kitako kirudishwe penye mti wake, uombe radhi, uondoke. Msikichome. Nasema tena, shemeji, msikichome. Ukiuchoma mti, aliyemo anatoka, na atakaa kwa aliye karibu."

Wakarudi na bunduki mpya. Kipilipili alitembea kifua mbele, mshindi kabisa. Lakini mume aliifungia bunduki mpya kabatini, wala hakwenda kisimani. Alisema atakwenda kesho. Na mchana ule Kipilipili alichungulia dirishani akamwona ameketi kitandani, gunia limefunguka mapajani, anakipapasa kitako na machozi yanamdondoka. Anamlilia! Kwa mkewe hajawahi kutoa hata chozi la kitunguu.

Basi ikawa imetosha. Alisubiri mume atoke, akalichukua gunia, akakisukuma kitako jikoni, mafigani, chini ya sufuria ya mchana.

"Chomeka, mwanaharamu wee," alisema. "Tuone nani mke humu ndani."

Mti haukutoa sauti. Ulitoa moshi mtamu wenye harufu ya udi, na moshi ule haukupanda darini wala haukufuata dirisha lililokuwa wazi, ulizunguka miguu yake, ukapanda magotini, kiunoni, ukamfika usoni akiwa bado anacheka, na kwa sababu alikuwa anacheka kinywa kilikuwa wazi, akauvuta wote mpaka ukaisha, kisha akajisikia anasukumwa nje ya mwili wake mwenyewe, anafinywa, anapita mahali pembamba penye baridi, giza tupu, na harufu ya mafuta ya bunduki.

Mwindaji aliporudi alimkuta mkewe mlangoni, kilemba kichwani, anatabasamu.

"Unanukia vizuri leo," alisema, na sauti yake ikalegea. Akampapasa mgongo, polepole, kutoka juu hadi chini. Kilemba kikaanguka, na nywele zikamwagika hadi kiunoni.

"Uliahidi," mwanamke alisema.

"Nilikuahidi, Mwali wangu."

Kabatini, ndani ya giza jembamba, Kipilipili aliyasikia yote. Alipiga kelele mpaka akaishiwa. Nje ilisikika kama panya.

Asubuhi mwindaji aliipeleka bunduki mpya kwa fundi ipimwe. Mkewe alifuatana naye, nywele amezifunika, akasimama kulia. Fundi Chongo akavuta kamba. Risasi ikatoboa ubao kulia.

"Haiwezekani," alisema fundi. "Hii ni mpya. Jana nilipiga nayo mwenyewe, katikati kabisa."

Akamgeukia yule mwanamke, akamwona anacheka. Akapitisha kitambaa ndani ya mtutu, akakivuta. Kikatoka na unywele mmoja mfupi, umejisokota.