Kengele ya Mama Georgette

Haya yalimpata Ghislain, rafiki yetu wa Likasi, miaka ile Zaire inabomoka. Alikuwa mhudumu kwenye ndege moja chakavu ya Kinshasa–Lubumbashi. Siku moja Mama Georgette, abiria wa dirishani, alibonyeza kengele mara nyingi akiomba hewa. Ghislain alichoshwa na zile kelele, akaizima.

Alipomrudia, mama alikuwa ameshakata roho. Akafanya kama wahudumu walivyofundishwa: akamkaza mkanda, akamfumba macho kwa kidole, akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mama analala, musimusumbue," akawaambia majirani wa kiti.

Mama akazikwa kwao Likasi na blanketi lile lile, maana hakuna aliyelitaka tena ndani ya ndege.

Baada ya mazishi, jioni moja, Ghislain akapeleka mkoba wa marehemu kwa mumewe, mzee Magloire. Akakaribishwa kiti katikati ya wafiwa.

"Ni weye njo ulikuwa naye kwa ndege? Aliteseka?" mzee akamuuliza.

"Hapana, papa. Alilala tu."

Umeme ukakatika papo hapo. Gizani kengele ikalia, ting.

"Ni kitu gani inalia?" Magloire akauliza.

Ting. Ting. Kisha kitu kama mkanda kikapita juu ya tumbo la Ghislain, kikamkaza polepole, mpaka pumzi ikamwishia. Alitaka kuita, sauti haikutoka.

"Muwashe bougie!" mfiwa mmoja akaita.

Mshumaa ulipowaka, wote wakamtazama Ghislain. Alikuwa amefunikwa blanketi lile lile la ndege, alilozikwa nalo mama, mpaka kidevuni. Na kope zake zilikuwa zinashuka, moja kwanza, kisha nyingine, kama zinavutwa na kidole.