Jina Katika Ukurasa wa Tisa

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1987, saa kumi na moja jioni, mimi, Elghalem ag Bekka, karani wa daraja la pili katika ofisi ya mji wa Djanet, niliondoka kumpeleka mgeni kwenye dimbwi la mwambani. Mgeni huyo alikuwa Bi Wassila, mwalimu kutoka pwani. Mkononi alishika kijitabu nilichokitunga mimi mwenyewe mwaka 1986 kuwafahamisha wageni nchi yetu: pwani yenye michungwa, milima inayopata theluji, kisha jangwa, ambalo ni zaidi ya sehemu nne kwa tano za nchi; miezi ya kuja, na maji ya kubeba.

Katika ukurasa wa tisa niliandika kwamba dimbwi hilo liligunduliwa na Tehit ult Khamadi.

Mke wangu. Aliyefariki mwaka 1979.

Kwetu jina la marehemu halitajwi. Khyar, dereva wetu, alipouona ukurasa ule alinicheka. "Bwana Karani, umesoma mpaka ukapotea. Unamwita mtu; akija utamlaza wapi?" Nilimjibu kwamba maandishi yasiyo na majina ni umbeya. Sikumwambia kwamba kwa miaka saba ulimi wangu ulikatazwa jina lile, na mkono ukalitamani.

Jioni hiyo Khyar alikataa kushuka garini. Tulishuka wawili. Nilichota maji kwa bakuli langu la mti, nikaliweka juu ya jiwe ili mchanga utuame. Jua lilikuwa linazama. Bi Wassila alifungua kijitabu, akasoma kwa sauti yake safi ya darasani, hadi mwisho wa ukurasa wa tisa.

Mwamba ukalirudisha jina.

Tehit... ult Khamadi...

Kisha ikaja harufu. Ngozi ya mbuzi iliyoloa. Kengele ndogo ikalia nyuma ya mawe, ikanyamaza.

"Elghalem."

Hapa sina budi kueleza. Watu wa upweke, yaani wale wasioonekana wakaao jangwani, huiga sauti ya umpendaye. Lakini wao huita mara mbili tu. Anayeitika kabla ya mara ya tatu hurukwa na akili. Nililelewa hivyo, na hivyo ndivyo nilivyofanya tarehe 9 Agosti 1979. Tehit alikuwa amekwenda kutafuta mbuzi waliopotea, siku ya pili hiyo. Magharibi nikiwa nachemsha chai, nikasikia jina langu likiitwa kutoka mawe yaliyo nyuma ya nyumba. Sikuitika. Siku tatu baadaye tulimkuta huko, hatua mia tatu kutoka mlangoni pangu, mguu umevunjika, kiriba kikavu.

Majirani waliniuliza aliita mara ngapi. Niliwaambia mara mbili. Wakanishika mkono, wakasema mila ilinifunga.

"Elghalem..."

Mara ya pili. 

Bi Wassila aliniegemea, akanong'ona, "Mzee, unaitwa."

Ikaja ya tatu. Haikuwa sauti tena. Ilikuwa pumzi iliyopita kwenye koo kavu, kama upepo unavyokwaruza mchanga.

Safari hii niliitika.

"Nipo, Tehit."

Kengele haikulia. Maji hayakutikisika. Kisha, nyuma ya sikio langu, karibu kabisa, kwa upole uleule wa miaka yetu:

"Siku ile niliita mara ngapi?"

Mdomo wangu ulikuwa umezoea jibu kwa miaka minane.

"Mbili," nikasema.

Kengele ikaanza kwenda zake, taratibu, ikisita kila hatua ya pili, kama mtu anayechechemea. Nililiangalia bakuli. Lilikuwa kavu. Ukingoni pake paliganda kipande chembamba cha ngozi ya mdomo uliobabuka.

Bi Wassila aliniandikia barua tarehe 3 Desemba. Kwa maoni yake, yule alikuwa mchungaji wa kike aliyenitania. Huenda. Lakini mchungaji angejuaje la kuniuliza?

Nilistaafu tarehe 31 Machi 1998. Hadi leo, kila magharibi, kengele hulia nyuma ya nyumba yangu. Mimi huweka bakuli la maji nje, na asubuhi hulikuta limejaa vilevile. Nimetoka mara nyingi kumngoja aniulize tena.

Haniulizi.

Khyar yu hai, na huwasimulia wageni kwamba mwaka 1979 marehemu aliita mara mbili tu, kwa hiyo rafiki yake karani hana lawama. Anasema hivyo kwa kunipenda, na maneno hayo aliyapata kwangu.

Nayasahihisha. Tarehe 9 Agosti 1979, Tehit ult Khamadi aliita mara tatu. Ya tatu niliisikia. Nikasema ni upepo, nikamimina chai.