Dada Kwenye Fomu ya Bima

— Naongea na dada yake mhandisi?

Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alitaka kujibu kwamba yeye si dada, ni mke wa ndoa, mwaka wa sita sasa. Sauti ya mwanamke wa ofisi ya bima haikumpa nafasi. Simu ya mhandisi haipatikani, ikaeleza, na kwenye fomu ya safari namba hii ndiyo iliyoandikwa ya mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea.

— Mwambie tunasubiri cheti cha daktari cha mkewe. Mimba iliyoanza kabla ya safari ni lazima itajwe, la sivyo bima haitagharamia uzazi huko ugenini.

Muuguzi akaketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo.

— Mimba ya miezi mingapi? akauliza kwa ile sauti yake ya kazini.

— Mitatu, kwa maelezo yao.

— Sawa. Nitamwambia.

Tumbo lake yeye halikuwa na kitu. Miaka yote sita halikuwa na kitu.

Mumewe, mhandisi wa maji, alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo kwa miaka mitatu. Walikubaliana atangulie, mke amfuate baada ya mwaka. Ile fomu waliijaza pamoja mezani, yeye akisoma maswali, mume akiandika. Kumbe baadaye mume alikwenda ofisi ya bima peke yake, akaongeza mke mwingine na kumgeuza huyu kuwa dada.

Hata kompyuta walikwenda kuichagua pamoja. Muuguzi ndiye aliyetaka duka la jirani na hospitali. Mume alipendekeza jingine, akakosa sababu. Humo ndani mume alitamani yenye kioo kikubwa, mke akashikilia iliyo nyepesi, yenye chaji ya kushinda kutwa na dhamana inayotambulika hadi huko aendako. Muuzaji, binti mchangamfu, akawaonyesha na simu ya laini mbili, moja ya nyumbani, moja ya ugenini. Na kila akigeuka ni wifi, shika uone uzito. Wifi, bonyeza hapa. Muuguzi alicheka tu, akidhani ni ulimi wa biashara.

Sasa lile neno likamrudia. Akavaa kiatu cha pili, akaenda dukani.

— Karibu wifi. Kompyuta inasumbua?

— Nani alikwambia mimi ni wifi yako?

Binti akainama kwa haya, mkono ukajiendea wenyewe tumboni.

— Usimwambie kaka yako kama nimesema. Alinikataza.

Akamfunulia ujumbe: *"Leo nakuja na dada yangu. Hajui habari zetu, usimwambie kitu mpaka tufunge ndoa."*

Muuguzi alitafuta picha kwenye simu yake, akaiweka juu ya kaunta. Ni yeye na mhandisi, siku ya harusi, vinywa wazi kwa kicheko.

Binti aliitazama. Kisha akavuta kiti, akakaa.

— Mimi sikujua, akanong'ona.

— Naona. Kliniki umeanza?

— Bado.

— Anza wiki hii. Mtoto hana kosa.

Nyumbani alimkuta mume anakunja mashati.

— Wamenipigia watu wa bima.

— Wamesemaje?

— Wanataka cheti cha daktari cha mkeo.

Shati likabaki nusu limekunjwa. Hakukana. Alizunguka na maneno weee, mara ni shetani, mara ni nyumba isiyo na mtoto, mara hakukusudia yafike huko. Muuguzi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Angeweza hata kumhurumia, kama asingeongeza hili:

— Wakipiga tena, wewe kubali tu ni dada. Nikishafika huko nitapanga mambo. Sitakutupa.

— Umechelewa. Nimetoka dukani. Na kesho nakwenda kuwaambia wa bima mimi ni nani.

Mhandisi alisafiri peke yake, na bima ya mtu mmoja. Binti alirudi kwa wazazi wake. Muuguzi hakumsindikiza mtu. Siku hiyo alikuwa kwa mwanasheria, anaandikisha talaka.

Muuguzi alimficha mama mkwe yote, kwa kuogopa sukari yake itapanda. Kila asubuhi kabla ya zamu alikuwa akipitia kwake kumchoma sindano, na aliendelea kupitia hata mwana alipokwisha kuondoka. Siku ya tatu akaona amweleze, asije akayasikia kwa watu.

Mama mkwe alisikiliza, nguo imepandishwa begani, mkono tayari.

— Nilijua, mwanangu. Alimleta hapa mara mbili. Nilitaka nione mjukuu kabla sijafa.

Muuguzi alivuta dawa mpaka kwenye alama, akatoa viputo vya hewa, akachoma. Akabonyeza pamba pale pale, kama kila siku. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mikono ina kazi.

Akapanga chupa za dawa kwenye friji, akaandika namba ya zahanati kwa herufi kubwa, akauacha ufunguo wake wa nyumba hiyo juu ya karatasi.

— Kesho huji? akauliza mama mkwe.

— Kesho atakuja muuguzi wa zahanati, mama. Mwambie akuchome mkono wa kushoto. Wa kulia umechoka.