Mstari wa Kumi na Saba

Lifti ya jengo la mikutano ilikuwa imegoma, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakipanda ngazi huku wakihema. Mwandishi wa habari za afya alifika ghorofa ya tatu akiwa amevua kiatu kimoja kilichomchubua kisigino, ndipo akasogelewa na bwana mmoja mwenye tai ya manjano, aliyebana mguu wa mtu kwapani.

"Samahani dada, nishikie mguu huu nifunge kamba za kiatu."

"Wa nani?"

"Bado hauna mwenyewe. Ndiye tunayemtafuta."

Mwandishi akacheka kabla hajajizuia. Yule bwana alikuwa afisa uhusiano wa karakana ya miguu bandia, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha karakana inaandikwa magazetini bila kulipia tangazo. Kazi hiyo aliijua hasa. Wenzake huwamwagia waandishi kurasa nne za sifa za mkurugenzi. Yeye kesho yake alituma ukurasa mmoja, asubuhi, kabla wahariri hawajakaa kikao, pamoja na picha mbili na namba ya simu ya mama fundi cherehani aliyekatwa mguu na sasa anakanyaga cherehani tena. Mkurugenzi hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Habari ilitoka ukurasa wa tatu.

Simu za kazi zikageuka simu za salamu, na salamu zikakosa mwisho.

"Umeamkaje, Kalamu wangu? Mama naye, presha imeshuka?"

"Imeshuka. Wewe unamuulizia mama kuliko watoto wake."

"Namuulizia mkwe."

"Nani kakuambia ni mkwe? Uongo wako huo!"

Alikata simu akitabasamu peke yake kama mwehu. Lakini rafiki yake wa dawati la biashara, mwanamke aliyeumwa na nyoka zamani na sasa akiona jani anashtuka, hakutabasamu.

"Shoga, mtu wa uhusiano hakupendi wewe. Anapenda nafasi yako gazetini. Kikulacho ki nguoni mwako."

Neno lile likamkaa. Tangu hapo kila tamu ilimjia na uchungu kidogo. Akiletewa maua, anajiuliza karakana ina nini wiki hii. Akiitwa mpenzi, anasikiliza kinachofuata. Na ajabu, hakuna kilichofuata. Hilo nalo likamtia wasiwasi, maana mvuvi mzuri havuti kamba upesi.

Mwezi wa sita, Jumanne asubuhi, taarifa ya karakana iliingia kwenye barua pepe ya dawati la biashara. Badala ya picha, bwana yule alikuwa ameambatanisha kimakosa orodha yake ya waandishi. Yule rafiki aliifungua na kuisoma kwa sauti, na ofisi nzima ikaangua kicheko mpaka alipofika mstari wa kumi na saba.

"'Habari za afya. Ukurasa mmoja tu, wa pili hasomi. Hapendi wakurugenzi. Mama yake ana presha: muulize hali.'"

Mwandishi hakungoja amalize. Alichukua mkoba wake na gauni lake la zambarau likamfuata mlangoni kwa kasi.

Alimkuta bwana yule karakanani, katikati ya miguu ya plasta iliyoning'inia ukutani, kompyuta ikiwa wazi mbele yake na uso umemwiva kwa aibu.

"Niambie ukweli. Mama yangu ni mbinu namba ngapi?"

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai!"

"Niliyaandika yale wiki ya kwanza, ulipotaja kuwa unampeleka hospitali. Ndiyo kazi. Unaandika mtu anataka nini ili usimpotezee muda. Wamo arobaini na wawili."

"Na wote unawaita mpenzi?"

"Wengi wana masharubu."

Alikaribia kucheka, akajikaza. Bwana yule akamgeuzia kompyuta.

"Ulisoma mstari wako mpaka mwisho?"

Safu ya mwisho ilisema: *Asipelekewe taarifa tena. Huyu si wa kazi.* Pembeni palikuwa na tarehe ya miezi mitano iliyopita.

"Hayo umeyaandika leo."

"Basi usiniamini mimi. Fungua barua pepe yako."

Aliifungua simu palepale, amesimama. Akatafuta jina la bwana yule. Taarifa ya mwisho aliyotumiwa ilikuwa ya mama fundi cherehani. Baada ya hapo, hakuna kitu. Ndipo akawakumbuka wale watoto thelathini waliopewa miguu siku moja, habari iliyotoka ukurasa wa kwanza wa gazeti shindani, na mhariri wake akamuuliza mbele za watu kama siku hizi analala kazini.

"Kumbe ni wewe! Nimewekwa kiti moto na mhariri mara tatu kwa ajili yako! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema hiyo nayo ni mbinu."

Mwandishi alijijua. Angesema hivyohivyo, tena kwa kiapo.

Kesho yake aliingia kwa mhariri, mama wa makamo mwenye miwani juu ya paji la uso, akaomba habari za karakana zipewe mwandishi mwingine, kwa sababu ya yule afisa uhusiano.

"Sawa, mwanangu. Lakini hapa kwenye fomu nijaze sababu. Huyo bwana ni nani wako?"

Mwandishi akampigia bwana yule simu palepale, mezani pa mhariri.

"Mhariri ana fomu mbele yake. Anauliza wewe ni nani wangu."

Upande wa pili mashine ya karakana ikazimwa.

"Mwambie mchumba," sauti ikasema. "Kama utakubali. Jumamosi nakuja kwenu na mjomba."

"Unanioa, au unaioa kalamu yangu?"

"Kalamu mwachie mhariri. Mimi nakutaka wewe."

"Ukinihadaa nitakuweka ukurasa wa kwanza, kwa jina na picha."

"Niweke."

Akamtazama mhariri, aliyekuwa akijifanya hasikii.

"Andika mchumba," akasema. Moyo ulimdunda kwa furaha, na bado, kwa mbali, aliogopa.