Bastola ya Marehemu Papa Bonaventure
Kilichomshtua Serge kwanza ni harufu. Bastola ile ya Wabelgiji haikuwa imefyatuliwa tangu Papa Bonaventure wa reli afariki, lakini ilinuka baruti mbichi, kana kwamba imelia asubuhi hiyohiyo.

Mwenye akili zake angeaga na kurudi nyumbani Kataki, kwa mkewe Laure na mtoto wao wa kwanza, waliyemsubiri hadi majirani wakachoka kuwasema. Serge hakuaga. Kwa vitu vya zamani alikuwa hajiwezi, na hii alishaiona kichwani ikining'inia ukutani sebuleni.

"Angalia tu, Papa," mjane wa marehemu, Mama Hélène, aliyekuwa akiiuza, alinong'ona. "Lakini usikawie nayo."

Akaikagua kama alivyozoea kukagua mashine za mitumbwi. Nyundo ilikaza vizuri. Springi haikuchoka. Mpini wa mbao ulilika penye kidole gumba, lakini huo ni uzee tu. Akahakikisha haina risasi, akaifungua, akaielekeza dirishani, jicho kwenye mtutu, aone kama kutu imeula.

Mwanga haukupita. Ndani mlikuwa na giza, na giza lile likampumulia jichoni, pumzi ya uvuguvugu, na kabla hajaiondoa usoni akasikia, chini chini, karibu kabisa na sikio, sauti ya mwanamume mwenye adabu zake zote ikipiga hodi, na yeye, mtu aliyelelewa vizuri na mama yake, neno likamponyoka.

"Karibu!"

Mama Hélène akashika mdomo. "Papa! Unakaribisha nani? Mulango iko wazi, hakuna muntu!"

"Nimesikia hodi..."

"Miye naisikiaka kila siku tangu bwana yangu afe. Sijaijibu hata mara moja." Akaanza kulia, na Serge akaogopa zaidi alipotambua kwamba mama huyu analia kwa kupata nafuu. "Imetoka kwangu. Unisamehe, Papa. Imetoka."

Serge akaiacha bastola mezani. Hainunui, hata bure haitaki. Alikuwa bado mlangoni simu yake ilipolia. Ni Laure.

"Serge, ungeniambia kama unatuma mugeni," alisema kwa sauti ya chini. "Papa mumoja, mupole sana. Anasema wewe njo ulimukaribisha."

"Laure, sikiliza. Beba mutoto, utoke inje. Sasa hivi!"

"Usipige kelele," Laure akanong'ona. "Mutoto amelala. Mugeni njo anamupakata."